Sura ya Tisa: Kipande cha Parachichi

Bata mzinga hapendi haraka, na mwanamke aliyewahi kuumizwa pia hapendi haraka. La kwanza Mpishi alilijua kwa kazi yake ya hotelini. La pili alijifunza taratibu, kwa miezi mitatu, akisimama kila Jumamosi mbele ya kaunta ya duka dogo la chakula cha ndege na kununua mbegu nyingi kuliko alizohitaji.

Sasa ilikuwa asubuhi ya sikukuu, naye alikuwa amesimama katika jiko la watu, amevaa aproni yake mwenyewe, akitazama kupitia kioo cha oveni. Nje mvua ilinyesha kwa sauti ndogo. Madirisha yalikuwa yameingia ukungu. Siagi aliyoipaka chini ya ngozi ya bata mzinga ilikuwa imeanza kuyeyuka na kutiririka kwenye sinia, na harufu ya kitunguu saumu na limau ikajaa kila pembe, hata ungedhani nyumba yenyewe inapumua polepole kama mtu aliyelala usingizi mzuri.

“Umemwekea nini tumboni?” sauti iliuliza nyuma yake.

Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile angeitambua hata katikati ya soko. Ilikuwa ya Punje. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya duka lake, nalo lilimkaa vizuri: mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miaka thelathini na sita, na macho yaliyopima kila kitu kama mizani.

“Vitunguu viwili, limau moja na majani ya kunukia,” alijibu. “Jana nilimpaka chumvi, leo asubuhi nikamfuta mpaka akakauka. Ngozi yenye majimaji haigeuki kahawia.”

“Na hii foili kifuani?”

“Kifua huiva mapema kuliko mapaja. Ukikiacha wazi, mapaja yakiiva kifua kimeshakuwa ubao.”

“Kumbe hata ndege wa kuokwa ana masharti.”

“Ulidhani ni wa kwako tu?”

Punje alicheka, akasogea karibu. Oveni ilifunguliwa na joto likawapiga usoni wote wawili. Mpishi akampa kijiko kirefu, akamwonyesha jinsi ya kuteka mafuta ya siniani na kuyamwagia juu ya mapaja. Mkono wake ulimsaidia kushika kijiko, mara moja tu, na hakuna kati yao aliyeuondoa haraka kama ilivyopasa.

“Wale wako wawili hawajambo?” Punje aliuliza, akiangalia mafuta na si uso wake.

“Hawajambo. Wanakusalimu.”

“Ndege wadogo wawili, wenye uzito wa karatasi ya barua, wanakula kilo mbili za mtama kwa wiki. Ulinitia shaka tangu wiki ya pili.”

“Na bado ulinipimia.”

“Biashara ni biashara, Mpishi.”

Lakini masikio ya Punje yalikuwa yamepata joto, na si la oveni.

Ndege hao wadogo waliachwa hotelini na mgeni aliyeondoka bila kuaga. Meneja akawapeleka jikoni, kana kwamba kila chenye manyoya ni kazi ya mpishi. Kwa siku tatu Mpishi aliwalisha wali na mkate. Siku ya nne aliingia dukani kwa Punje kuuliza, akakemewa mbele ya wateja kama mtoto wa shule: mkate una chumvi, wali hauna kitu, unataka kuwaua? Alitoka pale na pakiti ya mbegu, na moyo wake akauacha juu ya kaunta.

Wiki tatu zilizopita alimwambia wazi kwamba anataka kumuoa. Punje alipanga upya pakiti zilizokuwa zimeshapangwa. Kisha akasema, “Nenda ukamwone Shangazi. Mimi nitakujibu baada yake.”

Shangazi ndiye aliyemlea Punje tangu akiwa na miaka saba. Alikuwa mkunga mstaafu, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba. Siku ile hakumkaribisha kiti.

“Mume wa kwanza nilimchagua mimi,” alimwambia. “Alikuwa na adabu kama wewe. Shikamoo zake zilikuwa ndefu kuliko zako. Miaka minne mwanangu yuko naye, kumbe ana nyumba nyingine upande wa pili wa mji, na mimi huku namkatia keki. Kwa hiyo maneno yako matamu yaweke mfukoni. Sikukuu uje upike hapa, ndugu zetu waje wale, na mimi nikuangalie mikono.”

Ndiyo maana Mpishi alikuwa hapo. Siku hiyo jioni angepata jibu, ama angeacha kupita mtaa ule.

Shangazi aliingia jikoni, hakumtazama yeyote, akaenda moja kwa moja kwenye tundu kubwa lililokuwa karibu na dirisha. Ndani yake alikaa kasuku wa kijivu aliyeitwa Hakimu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa na kumkagua kila mgeni kwa jicho moja.

“Mwone mwanangu alivyokonda,” Shangazi alisema, akichungulia bakuli. “Karoti, boga, pilipili hoho. Amekuwa sungura huyu?”

“Shangazi, hajakonda, amepungua mafuta,” Punje alisema. “Daktari wake alituonyesha. Miaka yote ni alizeti na biskuti za kuchovya kwenye chai. Alizeti ni peremende, anapewa mbegu tatu nne akifanya vizuri. Chakula chake ni zile punje ngumu za dukani asubuhi, mboga mchana, na tunda kidogo.”

“Babu yake alikula alizeti akaishi.”

“Babu yake ulimjua wapi, Shangazi?”

“Usinijibu jibu. Njoo tutandike meza.” Shangazi akamgeukia Mpishi. “Na wewe, saladi iko wapi?”

“Naikata sasa hivi, Shangazi.”

“Sasa hivi ya lini?”

Wakaondoka. Mpishi akabaki na mvua, oveni na kasuku. Akaosha majani, akakata nyanya, akapasua parachichi zuri lililoiva hasa, laini kama siagi, akaanza kulikata vipande vyembamba. Alikuwa katika hali ile ya furaha inayomfanya mtu mzima kupiga mluzi.

“Nipe,” alisema Hakimu.

Mpishi akacheka. Jikoni kwake hotelini kulikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa mwalimu wake: anayeingia jikoni hatoki na mdomo mtupu. Awe mfagiaji, awe mleta mayai, awe mkaguzi wa afya, ataonjeshwa kitu. Ilikuwa ndiyo heshima ya kazi yao.

“Nipe,” Hakimu alirudia, akainamisha kichwa.

“Hakimu hanyimwi,” Mpishi alisema, akapitisha kipande cha parachichi kati ya nyaya za tundu. Kasuku akakipokea kwa mguu, akakila taratibu, akafuta mdomo kwenye kijiti chake. Mpishi akaona fahari. Hata mwanafamilia mgumu kuliko wote amekubali chakula chake.

Saa moja ikapita kama ndoto. Mara mbili Punje alirudi kumwagia bata mzinga mafuta yake, na mara zote mbili kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Ngozi ilikuwa inageuka rangi ya asali. Mpishi alijiona miaka mingi mbele, katika jiko lao wawili, mvua ikinyesha, naye akizeeka bila wasiwasi.

Shangazi ndiye aliyepiga kelele.

“Punje! Njoo! Hakimu ana nini?”

Kasuku alikuwa ameshuka chini ya tundu. Manyoya yalikuwa yamemsimama akaonekana mkubwa maradufu, macho yamefumba nusu, na kila alipopumua mkia wake ulipanda na kushuka. Punje aliinama mara moja tu, uso ukambadilika. Akampigia simu daktari wa wanyama, ambaye ofisi yake ilikuwa mtaa wa nyuma, akaweka simu mezani ili wote wasikie huku yeye akimfunika ndege taulo.

“Nilijua!” Shangazi alikuwa analia kwa hasira. “Nilijua mimi! Majani yako haya, punje zako hizi! Miaka kumi na tisa sijawahi kumwona hivi. Umemuua, Punje. Umeniulia ndege wangu kwa ujuaji wako!”

“Shangazi...”

“Usiniite!”

Punje hakujitetea. Alikuwa amelegea mabega kama mtu aliyewahi kusimama mahali pale pale siku nyingine, akibebeshwa lawama isiyo yake.

“Nisikilizeni,” daktari alisema kwenye simu. “Karoti na boga havimfanyi hivyo. Amekula nini kingine? Kitu cha chumvi? Chokoleti? Kahawa? Parachichi?”

“Hajala kitu kingine,” Shangazi alisema. “Tulikuwepo hapa wote.”

Mpishi aliutazama ubao wa kukatia. Ulikuwa msafi. Kokwa na maganda vilikuwa chini kabisa ya pipa, vimefunikwa na maganda ya vitunguu. Hakuna aliyemwona. Neno moja lisiposemwa, mchana angekaa kwenye meza ile. Punje angelaumiwa, lakini Punje alikuwa wa pale, angesamehewa. Hayo yote yalimpita kichwani kwa muda mfupi sana, na aliona aibu hata kwa kuwa yalipita.

“Nimempa parachichi,” alisema.

Shangazi akageuka kumtazama.

“Umesema nini?” Shangazi aliuliza.

“Nimempa mimi. Kipande kimoja, chembamba, cha urefu wa kidole changu hiki kidogo. Saa nne na nusu hivi. Sikujua. Aliomba, nikampa. Punje hana kosa. Chakula chake hakina kosa. Ni mimi.”

“Parachichi ni sumu kwa kasuku,” daktari alisema haraka. “Mleteni sasa hivi. Msimpe kitu, msimtikise. Vizuri mmesema.”

Punje alinyanyua tundu. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka, akamtazama Mpishi kwa muda mrefu. Mpishi alijaribu kuusoma uso ule akashindwa. Halafu mlango ukafungwa, na hatua zake zikapotea kwenye mvua.

“Vua aproni,” Shangazi alisema. “Utoke.”

“Nitatoka, Shangazi. Ni haki yako. Ila niruhusu nimalize kwanza. Nikitoka sasa hivi atakauka.”

“Nani atakauka?”

“Bata mzinga.”

Shangazi alimkodolea macho. “Ndege wangu yuko taabani na wewe unaniwazia nyama?”

“Ndugu zenu kumi na wawili wanakuja saa saba. Nikiondoka watakuta nyumba ina majonzi na chakula kimeharibika. Kosa moja linatosha kwa siku moja.”

Shangazi akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Mpishi akafungua oveni, akaondoa foili kifuani, akamwagia mafuta, akafunga. Hakukuwa na mwingine wa kumsaidia kushika kijiko. Aliwaza Jumamosi ijayo itakavyokuwa, na ile nyingine baada yake. Ataamka, atakunywa chai, hatakuwa na mahali pa kwenda. Atawanunulia wale wawili mtama sokoni, kwa muuzaji yeyote, na watakula tu, maana ndege hawajui ulinunua kwa nani.

“Kwa nini ulisema?” Shangazi aliuliza ghafla.

“Nini, Shangazi?”

“Usinizungushe. Hakuna aliyekuona. Kwa nini ulisema?”

Mpishi alifuta kijiko kwa aproni. “Ulikuwa unamlaumu yeye,” alisema.

Shangazi aliguna. Mvua ikapungua. Kisha akaanza kusema, kana kwamba anaongea na oveni. “Nimezalisha wanawake miaka thelathini na miwili. Wanaume nimewaona kwenye korido. Wapo wanaosema wanatoka kupunga hewa, wakarudi jioni. Wapo wanaopiga simu kuulizia mpira. Na wapo wachache wanaokaa tu, wameshika mikoba ya wake zao magotini kama mayai. Wewe ungekuwa yupi?”

“Sijui, Shangazi. Sijawahi kupewa mkoba.”

Kitu kilitikisika kwenye mdomo wa Shangazi, lakini hakikufika kuwa tabasamu. Macho yake yalirudi pale tundu lilipokuwa. “Nimemfokea mtoto wangu,” alisema polepole. “Nimemwambia maneno mabaya.”

“Alijua ni uchungu.”

“Wewe umejuaje?”

“Hata mimi ningejua, nikifokewa na mtu anayelia hivyo.”

Saa sita kamili Mpishi alimtoa bata mzinga. Alikuwa wa rangi ya asali iliyokolea, ngozi inapasuka kwa sauti ndogo. Akachoma paja kwa ncha ya kisu karibu na mfupa, majimaji yakatoka meupe, hayana damu. Akamfunika kwa foili, akamwacha apumzike. Kisha akafungua aproni, akaikunja mara nne, akasimama akiwa ameishika, maana kazi ilikuwa imekwisha na sababu ya kubaki imekwisha nayo.

“Shangazi, msimkate mpaka nusu saa nyingine ipite. Mkimkata sasa maji yake yote yatamwagika. Asante kwa kunivumilia.”

Wakati huo mlango ukafunguliwa. Punje aliingia ameloa nywele, viatu mkononi. Hakuwa na tundu.

Shangazi alishika ukingo wa kiti. “Yuko wapi?”

“Amebaki kwa daktari. Amepewa mkaa wa dawa wa kunyonya sumu, yuko kwenye kisanduku chenye joto. Daktari anasema hawezi kuahidi mpaka kesho.” Punje alivuta pumzi. “Lakini amesema wengi huletwa wamechelewa, kwa sababu hakuna anayejua walichokula. Sisi tulijua mapema. Na nilipokuwa naondoka alimng’ata kidole.”

“Nani kamng’ata nani?”

“Hakimu kamng’ata daktari. Damu kabisa.”

“Basi huyo anapona,” Shangazi alisema, akafunika uso kwa viganja, akacheka na kulia vyote kwa pamoja. Kisha akanyoosha mkono, akamvuta Punje, akamshika kichwa kifuani kwake kama alivyomshika alipokuwa na miaka saba. “Nisamehe, mama. Nisamehe mdomo wangu.”

Mpishi aliona si mahali pake. Akaanza kwenda mlangoni kwa nyayo nyepesi.

“Wewe unakwenda wapi?” Punje aliuliza.

“Nyumbani. Nimeambiwa nitoke nikimaliza, na nimemaliza.”

“Mimi sijamaliza.” Alijitoa mikononi mwa Shangazi, akaja akasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba Mpishi aliyaona matone ya mvua kwenye kope zake. “Nilikuwa nakimbia na tundu lile, najaribu kukukasirikia. Nimekukasirikia mpaka kwenye kona ya kwanza. Kona ya pili ikanishinda.”

“Una haki ya kukasirika.”

“Nisikilize kwanza. Niliishi miaka minne na mtu ambaye hakuwahi kukosea. Unajua kuishi na mtu wa namna hiyo? Kikombe kikivunjika, ni upepo. Akichelewa, ni saa yangu imeharakisha. Nikiona unywele kwenye shati, ni macho yangu. Mwishowe nikawa najitilia shaka mwenyewe, naamka nauliza leo nitakuwa nimekosea nini. Leo, jikoni kwa Shangazi yangu, nimemwona mwanaume mzima anasimama anasema ni mimi. Na hakuna aliyekuwa amemkamata.”

“Punje, mimi hukosea mara nyingi sana.”

“Usianze kujisifu.”

Punje alichukua ile aproni iliyokunjwa, akaikunjua, akamvisha shingoni, akazunguka nyuma yake kumfunga. Vidole vyake vilikuwa baridi kwa mvua, na vilichukua muda kutafuta fundo. Mpishi alisimama tuli kabisa, akiogopa kwamba akisogea ataamka.

“Ndiyo,” Punje alisema nyuma ya mgongo wake, kwa sauti ndogo.

“Ndiyo nini?” Shangazi alidakia kutoka kwenye kiti.

“Anajua ndiyo ya nini.”

“Mimi sijasema ndiyo! Mimi ndege wangu amelazwa!”

“Tumekusikia, Shangazi.”

“Mniulize kesho. Kesho, daktari akishasema.” Alikuwa amesimama sasa, anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mezani, anatafuta la kukosoa asilione. “Na huyo bata mzinga mbona amefunikwa kama mgonjwa?”

“Anapumzika, Shangazi.”

Kengele ya mlango ililia. Vishindo vya miguu, miavuli ikitikiswa, watoto wakisukumana ukumbini. Shangazi alijinyoosha gauni, akaenda kufungua. Punje na Mpishi walibaki pale pale, bega kwa bega, wakisikiliza. Ilisikika sauti nzito ya kaka mkubwa wa Punje, mtu anayeogopwa kwa maswali yake.

“Shangazi, harufu gani hii? Nani yuko jikoni?”

Punje akautafuta mkono wa Mpishi bila kuangalia, akaukamata.

“Mkwe wetu,” Shangazi alisema. “Vua viatu, sakafu imepigwa deki.”